SOMO LA FAMILIA: USIFICHE MWAKA ULIOPOTEA

Nawasalimu ninyi nyote mlio hapa Kigali, pamoja na ndugu zetu wa Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama ambao gazeti letu hili dogo huwafikia.

Somo la leo linawahusu vijana wanaoomba nafasi katika vyuo ambavyo havichukui kila mtu, huku alama zao za shule haziko sawa: mwaka huu juu, mwaka ule chini, na mwaka mwingine haupo kabisa. Linawahusu wazazi pia. Nawaomba mlisome pamoja jioni, msimwachie kijana peke yake.

Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 12:25, 13:13, 15:36-41, Wakolosai 4:10, 2 Timotheo 4:11.

UTANGULIZI

Mama mmoja wa kusanyiko letu alikuja kwangu jioni akiwa na buletini za binti yake ndani ya mfuko wa plastiki. Buletini zilikuwa safi, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Lakini kati ya ile ya mwaka 2019 na ile iliyofuata palikuwa na pengo, na ile iliyofuata ilikuwa na alama za chini sana.

Akaniambia, "Pasta, nakuomba umwandikie mtoto barua. Useme ule mwaka alikuwa anasoma shule ya kanisa."

Nikamwambia, "Mama, kanisa letu halina shule."

Akajibu, "Najua, Pasta. Lakini wale wa chuo hawajui."

Kisha akanieleza kwamba kuna mtu mtaani anayeweza kutengeneza buletini ya mwaka ule, kwa pesa, na kwamba yeye ameanza kuweka akiba.

Sikumkemea. Mama huyu si mwongo. Ni mzazi anayeogopa kwamba jasho la miaka mingi litamwagika kwa sababu ya karatasi moja. Tena mimi mwenyewe niliwahi kufanya alilotaka kufanya. Vita vya mwaka 1996 vilipotufikia kwetu Kivu nilikosa shule miaka miwili. Nilipoomba kuingia chuo cha Biblia, niliandika katika fomu kwamba miaka ile nilikuwa darasani. Mwalimu aliyenihoji alikuwa mzee mpole. Aliniuliza swali moja tu: "Mwaka ule, nani alikufundisha hesabu?" Nikanyamaza. Akafunga faili. Akaniambia kwamba pengo si dhambi, ila nililoliandika juu ya pengo ndilo lililomsumbua. Nilirudi nyumbani kwa aibu. Mwaka uliofuata nilipeleka fomu nyingine yenye ukweli, nikapokelewa.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa niliyalipia mwaka mzima.

1. MARKO ALIKUWA NA PENGO

Yohana Marko alianza vizuri. Barnaba na Sauli walimchukua kutoka Yerusalemu, akawa msaidizi wao. Walipofika Perga katika Pamfilia akawaacha, akarudi nyumbani. Luka haandiki sababu. Labda aliugua, labda aliogopa, labda alimkumbuka mama yake. Hatujui.

Baadaye Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa. Katika macho ya Paulo, rekodi ya Marko ilikuwa imeharibika. Wakabishana vikali hata wakaachana: Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, Paulo akaenda na Sila.

Lakini habari haikuishia hapo. Miaka ilipita, na Paulo akiwa kifungoni aliwaagiza Wakolosai wampokee Marko. Katika barua ya pili kwa Timotheo aliomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa kazi. Aliyemkataa ndiye aliyekuja kumshuhudia.

Tuone mambo matatu. Kwanza, Biblia haikufuta kile kifungu cha Perga, kimebaki palepale. Pili, Marko alipata mtu wa kusimama naye, ambaye alijua kosa lake na hakulificha. Tatu, kilichombadilisha Paulo hakikuwa maneno, ilikuwa kazi ambayo Marko aliifanya baada ya Perga.

Mambo hayo matatu ndiyo njia ya kijana wetu: ukweli juu ya pengo, mtu wa kumshuhudia, na kazi iliyofanyika baadaye.

2. JUA KWA NINI ALAMA ZAKO HAZIKO SAWA

Vijana wengi wanasema tu, "Mimi si mtu wa shule." Mwanangu, kaa chini na buletini zako uulize kila mwaka: hapa kulitokea nini?

Kwetu wakimbizi mara nyingi sababu zinajulikana.

Lugha. Kongo mtoto anasoma sekondari kwa Kifaransa. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa tatu katika darasa lake Masisi anavuka mpaka, na ghafla anakuwa wa mwisho katika somo alilolipenda, kwa sababu haelewi swali.

Kalenda. Kabla ya Korona, mwaka wa shule Rwanda ulianza Januari, na Kongo ulianza Septemba. Waliokimbia mapigano yaliyoanza Kivu ya Kaskazini mwaka 2012 wanakumbuka: mtoto aliyekimbia mwezi wa Mei hakuwa amemaliza mwaka wa kule, na hapa aliukuta mwaka uko katikati.

Kurudishwa nyuma. Wengine walirudishwa madarasa mawili ili wajifunze lugha. Mtu akitazama umri wake na darasa lake anadhani aliranda mitaani.

Korona. Shule za Rwanda zilifungwa Machi 2020, zikaanza kufunguliwa kidogo kidogo Novemba mwaka ule. Kuna watoto ambao hawakurudi, hasa wasichana.

Na nyumbani. Ugonjwa wa mzazi, kulea wadogo, kutafuta karo, mimba, kuhamishwa kambi kama ndugu zetu wa Gihembe mwaka 2021.

Lakini tuseme kweli yote. Pengine sababu ilikuwa uvivu, au marafiki, au simu. Kama ni hivyo, usiisingizie vita. Vita vina makosa ya kutosha. Usiviongezee ya kwako. Anayesoma fomu yako ataona kama unamlaumu kila mtu isipokuwa wewe mwenyewe.

3. PANGA KARATASI ZAKO MAPEMA

Wazazi, hii ni kazi yenu zaidi kuliko ya mtoto.

(a) Majina. Tazama jina lililo kwenye hati yako ya ukimbizi na lile lililo kwenye buletini. Herufi moja ikitofautiana, chuo kinaweza kuona watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa vilevile: wengi wetu tuliandikishwa kuwa tumezaliwa tarehe 1 Januari, na shule ikaandika nyingine. Anzeni kusahihisha sasa, msingoje wiki ya mwisho.

(b) Usawa wa vyeti. Aliyemaliza sekondari Kongo kwa diploma ya Serikali, au Burundi, anahitaji cheti chake kitambuliwe hapa. Kwa vyeti vya sekondari kazi hiyo inafanywa na NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyoundwa mwaka 2020. Kwa masomo ya chuo kikuu ni HEC, baraza la elimu ya juu. Kutambuliwa kunachukua muda.

(c) Buletini zilizopotea. Kama shule bado iko, mwandikie mkuu wa shule, au mtume ndugu aliyebaki kule. Kama shule iliteketea, tafuta mwalimu aliye hai akuandikie alichokiona yeye: alikufundisha somo gani, mwaka gani. Asiandike alama asizozikumbuka.

(d) Nakala. Piga picha kila karatasi kwa simu, umtumie mtu mwingine unayemwamini. Mvua ya Kigali haichagui paa.

Na yule mtu wa mtaani anayetengeneza buletini, mkimbieni. Karatasi ya uongo ikigunduliwa mwaka wa kwanza, kijana anafukuzwa. Ikigunduliwa mwaka wa mwisho, amepoteza miaka yote. Na isipogunduliwa, ataishi akiogopa swali moja tu kama lile nililoulizwa mimi.

4. SEMA PENGO LAKO KWA MANENO MACHACHE

Vyuo vingi vinavyochagua wanafunzi vinaomba barua ya kujieleza. Hapo ndipo vijana wetu wanaanguka kwa njia mbili. Wengine hawataji pengo kabisa, na msomaji analiona na kuwaza mabaya. Wengine wanaandika kurasa tatu za mateso, mwisho wanaomba kuhurumiwa. Msomaji anaweza kulia, lakini bado hajui kama unaweza kusoma.

Jaribu hivi: sema kilichotokea, sema ulichofanya, onyesha matunda. Yule binti wa mama niliyemtaja tulikaa naye siku mbili, na mwishoni aliandika maneno kama haya:

"Machi 2020 nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari shule zilipofungwa. Zilipofunguliwa sikurudi, kwa sababu nililea wadogo zangu watatu mama akitafuta riziki. Nilirudi Oktoba 2021 nikarudia mwaka wa tatu. Muhula wa kwanza nilipata asilimia 34 katika hesabu, kwa kuwa nilikuwa nimesahau mengi. Nilianza kusoma kila Jumamosi na wenzangu wawili. Mwisho wa mwaka nilipata 52, na katika mwaka wa tano nilipata 68. Kiingereza changu bado kiko nyuma ya hesabu, na ninaendelea kukisoma."

Hakuna neno la kuomba huruma hapo, wala la kujisifu. Lakini soma tena uone: 34, 52, 68. Ile 34 aliyotaka kuificha ndiyo inayoonyesha ametoka wapi. Kama angeifuta, ile 68 ingekuwa alama ya kawaida tu.

Na mwaka ule wa kulea wadogo? Mwanzoni binti alisema, "Ule mwaka sikufanya kitu." Nikamuuliza nani alipika, nani aliwapeleka watoto zahanati, nani alihesabu pesa za mboga jioni. Akacheka. Mwaka haukuwa mtupu, wapendwa. Haukuwa na buletini tu.

5. TAFUTA BARNABA WAKO, TENA TAFUTA PAULO WAKO

Barua ya mapendekezo haiandikwi na baba wala shangazi. Barnaba alikuwa jamaa yake Marko, na pengine ndiyo sababu Paulo hakumsikiliza. Vyuo vya leo navyo havisikilizi jamaa. Mwombe mwalimu wa somo, mkuu wa shule, au mtu uliyefanya kazi chini yake.

Wengi wanamkimbilia mwalimu aliyewapa alama nzuri. Si vibaya. Lakini mwenye nguvu zaidi ni yule aliyekuona ukianguka akakuona ukiinuka. Mwalimu wa hesabu aliyempa binti yule 34 ndiye tuliyemwendea. Shuhuda kama huyo ni kama Paulo: alijua udhaifu wako, na sasa anasema unafaa.

Mpe wiki tatu, si siku mbili. Mpelekee buletini zako na jina la chuo.

Nasi wachungaji tusiandike tusichokijua. Barua yangu kwa binti huyu ilisema mambo mawili tu: kwamba mwaka ule alilea wadogo zake, jambo nililoliona kwa macho yangu, na kwamba tangu 2022 anafundisha watoto Shule ya Jumapili bila kukosa. Mama yake aliona barua ni fupi mno. Nikamwambia, "Mama, wakinipigia simu, sitanyamaza."

6. MILANGO ILIYOPO

Miaka ya 2010 UNHCR ilihesabu kwamba katika vijana wakimbizi 100 wa umri wa chuo, 1 tu ndiye aliyekuwa chuoni. Ripoti yake ya mwaka 2024 ilisema 7. Lengo lililowekwa ni 15 ifikapo mwaka 2030. Mlango ni mwembamba, ila haukufungwa.

Hapa Kigali mfano unaojulikana ni Kepler. Ilianza mwaka 2013, wanafunzi wakifanyia shahada ya chuo cha Marekani, Southern New Hampshire University, wakiwa hapahapa. Mwaka 2015 ikafungua tawi katika kambi ya Kiziba, Karongi, ili wakimbizi wasome palepale wanapoishi. Mahali pa namna hiyo hawatazami alama za sekondari peke yake. Mwombaji anafanya mtihani wao na kuhojiwa ana kwa ana. Kwa hiyo mwenye pengo anapata nafasi ya kuonyesha anachoweza leo, lakini asiyejiandaa kwa mtihani hawezi kuokolewa na barua nzuri.

Jambo moja la mpango ule wa Southern New Hampshire lilinigusa. Mwanafunzi alipimwa kwa kazi alizozifanya. Kazi ikiwa haijatosha, hakuandikiwa kwamba ameanguka. Aliandikiwa neno lenye maana ya "bado", akaisahihisha, akairudisha.

Kuna pia ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, unaosimamiwa na UNHCR. Nao unachagua, na una masharti ya umri. Soma masharti ya mwaka husika mwenyewe, usitegemee ya jirani. Na mjue: UNHCR haiuzi nafasi wala fomu. Anayekuomba pesa ili "apitishe jina" ni mwizi.

Usiombe mahali pamoja tu. Chagua mlango mmoja mgumu, mmoja unaolingana nawe, na mmoja wa ufundi. Fundi umeme mzuri si mtu aliyeshindwa shule. Na kama alama zako za mtihani wa taifa ziko chini ya kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa, hakuna barua itakayoziba hapo. Afadhali kuurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kuliko kutuma fomu kumi zitakazorudi.

7. WAKIKATAA

Wazazi, siku hiyo mtaamua mengi kwa maneno yenu ya kwanza. Msiseme, "Nilijua tu." Msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyepata. Barua ya chuo inasema nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji. Haisemi mtoto wenu ni nani mbele za Mungu.

Baada ya siku chache, kaeni naye muulize: ni karatasi iliyokosekana, ni Kiingereza, ni mtihani, au ni nafasi tu? Kila jibu lina kazi yake. Marko naye alikataliwa, na siku ile hakukaa Antiokia akinung'unika. Alikwenda Kipro kufanya kazi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini, kwa mawazo yenu, Luka aliandika kwamba Marko aliwaacha wenzake, badala ya kunyamaza?
2. Ni mwaka gani wa shule katika familia yetu ambao tunauonea aibu? Nini kilitokea kweli?
3. Je, mzigo wa nyumbani tunawagawia wasichana na wavulana sawa, au tunaharibu buletini za wasichana peke yao?
4. Majina ya kila mtoto yanalingana katika karatasi zote? Nani atashughulikia, na lini?
5. Nani ni Barnaba wa mtoto wetu, na nani Paulo wake?

MWISHO

Mtauliza habari za binti yule. Aliomba mahali pawili. Pa kwanza walikataa, barua ya mistari mitatu. Pa pili aliitwa kwenye mtihani, akaufanya, akahojiwa. Walimuuliza juu ya ule mwaka. Aliniambia, "Pasta, walipouliza sikuogopa, maana nilikuwa nimeshawaandikia."

Ninapoandika somo hili jibu halijaja. Mama yake alinunua sare na madaftari kwa wadogo zake kwa ile akiba ya buletini ya uongo. Jumapili nilipomuuliza kama kuna habari, alisema, "Bado, Pasta."

Tumwombee yeye na wote wanaongoja. Bwana awape vijana wetu ujasiri wa kusema kweli, awape wazazi uvumilivu, na sisi sote atufanye akina Barnaba.

Amina.